Vifuniko Mia Moja Sitini na Vinane

Rumonge, 8 Julai 2024

Amahoro Eliana,

Barua hii anakuletea Tarsisi, dereva wa lori la mawese. Amesema ataiacha dukani kwa shangazi yako. Nimeona niandike, kwa sababu simu ya nyumbani anakaa nayo kaka, na unajua mimi kwenye simu nasema "eeh" na "sawa" mpaka mtu anadhani imekatika.

Daraja letu la kuelea lipo. Limemaliza siku kumi na moja ndani ya maji. Kila asubuhi nakaa kwenye kisiki upande wetu wa ng'ambo nahesabu watu wanaovuka. Jana mpaka adhuhuri walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Akina mama wanavuka na mabeseni ya chikichi kichwani kama vile lilikuwepo tangu zamani. Hakuna anayezungumza tena kuzunguka kwa barabara kubwa saa moja na nusu, wala mtumbwi. Mtu akifika katikati na likayumba kidogo anacheka mwenyewe.

Tahira mdogo wangu amevuka mara sita bila sababu yoyote. Tangu ziwa lilipopanda mwezi wa nne na kumeza njia ya kijitoni, hajakwenda shule. Sasa anamwambia kila mtu kwamba Septemba ataingia darasa la pili kwa kupita juu ya bidoni ya Bibi Zuwena wa mawese, kwa sababu anaijua alama ya dumu hilo, ile mistari miwili myekundu. Anazijua alama za bidoni karibu zote. Nyumba mia moja sitini na nane zilitoa bidoni, moja moja, na yeye anataka kuzisalimia zote akipita.

Vipande vyote kumi na viwili vya daraja vimekaa vizuri. Nashukuru sana kwa kazi ya vifuniko vya bidoni. Nilipokuwa napiga hesabu sikufikiria kwamba kazi ngumu kuliko zote itakuwa hiyo, kukata mpira wa ndani wa tairi kwa kila kifuniko na kukaza. Ningekuwa mimi ningekufa njiani. Mwalimu Venanti ameniambia tena, kabla hajahamishiwa Nyanza-Lac, kwamba lile jaribio letu la beseni ndilo lililoliokoa daraja. Unakumbuka jani la mgomba lilivyooza chini ya kifuniko kwa siku kumi na nane tu? Wewe ulicheka ukasema mama yako asisikie, maana kila bidoni ya mawese Rumonge nzima inafungwa kwa jani na haimwagi tone.

Wageni wa chuo walipouliza nani amebuni, mimi niliangalia viatu vyangu. Nilikuomba useme wewe na ulisema vizuri. Sioni wivu kwamba wamekuchukua wewe Bujumbura. Nakuambia hivi kwa sababu uliniuliza mara tatu siku ya kuondoka.

Niandikie chumba chako kikoje.

Fahima


Bujumbura, 13 Julai 2024

Bubu wangu!

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, shangazi ananiita nipime sukari na mimi sisikii. Sha, kumbe una maneno mengi hivyo! Ungeyasema mdomoni tungekuoza zamani.

Chumba changu kina vitanda vinne na dirisha moja. Kila mtu anataka dirisha. Mimi nimelipata, usiniulize vipi. Masomo yataanza Oktoba, lakini sisi tuliopewa bursi ya kulipiwa masomo tunafundishwa Kifaransa na hesabu za kujiandaa. Juzi mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Huyu ndiye binti aliyejenga daraja la bidoni Rumonge." Nikasema "tulijenga." Haki ya Mungu nilisema "tulijenga". Sijui kama walisikia, walikuwa wanapiga makofi.

Sasa nisikilize. Usiruhusu mtu yeyote afungue vifuniko. Watoto wa kule wana mikono mirefu, nawajua. Mpira ukishakaa mahali pake, ukiufungua haurudi kama mwanzo. Hata wewe usifungue, hata kwa kuangalia tu. Liache hivyo hivyo.

Na katikati panakaaje? Kipande cha sita na cha saba? Nauliza tu kwa sababu pale mawimbi ni makubwa.

Mama yangu umemwona? Msalimie, mwambie nakula. Mwambie ugali wa huku ni mwepesi, atafurahi kusikia.

Eliana wako


Rumonge, 29 Julai 2024

Eliana,

Daraja limezama katikati. Hakuna aliyekufa. Naanza na hilo ili usisome kwa hofu kama mimi ninavyoandika.

Ilikuwa juzi Jumamosi, saa tatu asubuhi. Juu ya kipande cha sita walikuwa fundi Pontiani na cherehani lake kichwani, pamoja na mama mmoja wa ndizi. Juu ya cha saba alikuwa mama mwingine, na Tahira. Mimi nilikuwa kwenye kisiki changu. Niliona ubao ukiinama upande mmoja, polepole kabisa, kama meza ikiinuliwa na mtu. Kisha wote wanne hawakuwepo.

Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu waliruka. Pontiani alitoka mwenyewe. Tahira alitolewa wa mwisho. Alikuwa amebanwa na kamba chini ya mianzi. Alilala hospitalini siku mbili, leo amerudi nyumbani, anakohoa na hasemi. Eliana, mtoto yule hasemi. Nyumba nzima mimi tu ndiye niliyekuwa kimya, sasa tuko wawili.

Pontiani alikaa ukingoni amelowa, watu wanamwuliza kama ni mzima. Akasema, "Mimi ni mzima, ila cherehani langu limekwenda kushonea samaki." Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi wakaacha kucheka.

Shefu wa zoni, mkuu wa eneo letu, alikuja. Ameweka walinzi wawili, mtu asikanyage wala asiguse. Aliniita mbele ya watu. "Wewe ndiye wa hesabu?" Nikaitika kwa kichwa. Akasema, "Mutoto, mimi sikuchukii. Nataka kujua iko nini imelizamisha. Ukiniambia, mtalitengeneza na litarudi kabla ya shule kufunguliwa. Tarehe ishirini na moja Agosti usiponiambia, kila mutu anachukua bidoni yake na mambo yameisha."

Kwa hiyo nina wiki tatu. Nimerudia hesabu mara nne. Bidoni kumi na nne kwa kipande, lita ishirini kila moja, zinabeba kilo mia mbili themanini. Toa mbao na mianzi, kilo sabini. Zinabaki mia mbili na kumi. Pontiani na cherehani na mama wa ndizi hawafiki hata mia moja na themanini. Na kipande cha saba kilikuwa na mama na mtoto tu! Lakini bidoni za katikati zimejaa maji. Vifuniko vimefungwa kwa mpira, basi maji yameingia kwa sababu zilisukumwa chini mno, na zilisukumwa chini mno kwa sababu kuna uzito nilioukosea. Sioni ni upi. Nisaidie kufikiri. Chochote unachokumbuka, hata kidogo, niandikie.

Fahima


Bujumbura, 3 Agosti 2024

Fahima mpenzi,

Nimelia. Namshukuru Mungu kwa Tahira. Nimemnunulia penseli za rangi, Tarsisi atakuletea.

Usijitese. Hesabu ni kitu kinachoweza kumkosea mtu yeyote, hata mainjinia wakubwa wanakosea. Huenda mianzi imenyonya maji ikawa mizito. Huenda watu walikuwa wanarukaruka. Wewe ulipima mbao zikiwa kavu, si kweli? Mimi naona ni hapo. Mwambie shefu ni hapo.

Ningekuja, lakini hapa hawatupi ruhusa kabla ya mtihani wa kwanza. Nakuwaza kila siku.

Na lile la vifuniko, endelea kuviacha. Vikiguswa sasa watasema umeharibu ushahidi.

Eliana


Rumonge, 7 Agosti 2024

Eliana,

Murakoze kwa penseli. Tahira amechora bidoni.

Nilifanya kama ulivyosema. Nililoweka ubao na mianzi ya aina ile ile siku tatu, nikaenda kupima kwenye mizani ya mawese ya Bibi Zuwena. Alinitazama nikipanga mianzi inayotiririka maji juu ya mizani yake akasema, "Mwanangu, sasa unauza mto?" Lakini hakunizuia. Kipande kizima kikilowa kinafika kilo tisini na tano. Bado kinabeba mia moja themanini na tano. Bado kinaelea, Eliana. Naona aibu kusema nilitamani kisielee kwenye karatasi, nipate jibu nimpelekee shefu.

Nadhani kosa liko mwanzoni kabisa, mahali ambapo siwezi kuliona kwa kuwa nimelizoea. Nahitaji kaye letu la hesabu, lile daftari la jalada la bluu. Ulilichukua kuwaonyesha wageni. Tafadhali mpe Tarsisi Jumanne.

Vifuniko siwezi kuvifungua hata ningetaka, walinzi wapo. Na sina wasiwasi navyo, hivyo ulivifanya wewe.

Mama yako alikuja kumtazama Tahira. Alimpikia uji wa mahindi na karanga, akakaa naye mchana mzima akimsimulia mambo ya kambi ya wakimbizi Tanzania ulipokuwa mdogo, jinsi ulivyokuwa unapanga foleni ya maji na kusimamia foleni ya watu wengine pia. Tahira alicheka mara moja, kwa pua.

Tafadhali, kaye.

Fahima


Bujumbura, 12 Agosti 2024

Fahima,

Kaye liko ofisini, ndani ya dosye yangu ya bursi, na mafaili hayo hayatolewi. Nimeuliza. Samahani sana.

Nakushauri kama dada. Siku ya tarehe 21 simama useme umekosea hesabu, basi. Watu watakusamehe. Wewe ni mdogo, unapendwa, na kila mtu anajua huna ubaya. Ukiendelea kuchimba utajiumiza bure. Mambo mengine yanakwisha mtu akikubali tu.

Naandika haraka, nina mtihani.

E.


Rumonge, 22 Agosti 2024

Eliana,

Jana nilisema. Uwanja wa zoni ulikuwa umejaa. Nilisimama. Nikasema, "Kosa ni langu." Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Hatusikii! Ongeza sauti, wewe mutoto!" Ikabidi niseme tena. Fikiria, mara yangu ya kwanza kuzungumza mbele za watu, na nimeombwa nirudie.

Shefu akaniuliza kosa ni lipi. Nikasema hesabu ya uzito. Akauliza, hesabu gani? Nikasema sijaijua. Akavua miwani. Akasema hawezi kurudisha watoto juu ya daraja ambalo aliyelibuni hajui kwa nini lilizama. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Kisha akatoa barua. Akasema, "Hata mwenzako ametuandikia kutoka Bujumbura." Akaisoma. Ilisema kwamba hesabu zote zilifanywa na mwanafunzi Fahima peke yake, kwamba wewe ulikuwa na mashaka nazo tangu mwanzo lakini hukutaka kumvunja moyo, na kwamba kazi zilizokuwa chini yako zilikamilika kama ilivyotakiwa. Chini kulikuwa na jina lako. Tarehe 2 Agosti.

Barua yako kwangu, ile ya penseli, ni ya tarehe 3.

Nimejaribu kuelewa. Labda mtu wa ofisi aliiandika akakupa usaini bila kusoma, mambo ya ofisi huwa hivyo. Labda shefu alikuuliza vibaya ukajibu vibaya. Mashaka hayo uliyokuwa nayo, hukuniambia hata siku moja, na tulikuwa tunakaa dawati moja miaka mitatu. Ungeniambia ningerudia hesabu. Unajua ningerudia.

Leo wanavunja daraja. Watu wanakuja na visu, wanakata kamba, kila mmoja anatafuta alama yake. Tahira amesimama ukingoni anawaonyesha: "Hii ya kwenu. Hiyo siyo, ile pale." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu alipoanguka. Anawasaidia kuchukua njia yake ya shule.

Niandikie kwamba hukuiandika barua ile.

Fahima


Rumonge, 26 Agosti 2024

Eliana,

Bibi Zuwena alifika nyumbani juzi na bidoni yake begani. Hakusalimia. Aliipindua uani, maji ya ziwa yakamwagika mpaka kizingitini. Kisha akaniwekea kifuniko mkononi. "Mimi nafunga mawese tangu kabla mama yako hajazaliwa," akasema. "Hii mulituambia ni mpira. Hii ni jani la mgomba."

Lilikuwa jeusi, linanata kama majani ya chai. Nilipokirudisha juu ya bidoni, kifuniko kilizunguka bure bila kushika.

Nimepita nyumba kwa nyumba siku mbili. Mimi, ambaye siwezi kumwomba jirani chumvi. Nilibisha hodi, nikasema, "Naomba kuona kifuniko cha bidoni yako." Nilikuwa na orodha ya alama na vipande. Nimeviona vifuniko vyote isipokuwa tisa ambavyo bidoni zake zilipotelea ziwani.

Kipande cha kwanza, cha pili na cha kumi na mbili ni mpira. Vile ambavyo wageni walisimama juu yake wakipigwa picha, na kile walichofungua kifuniko wakaangalia. Tangu cha tatu mpaka cha kumi na moja ni jani.

Hesabu zangu ziko sawa. Zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Nimesoma tena barua zako zote. Ya kwanza inasema usiruhusu mtu afungue vifuniko. Uliniuliza katikati panakaaje.

Sina swali lingine ila hili: ulijua?

Fahima


Bujumbura, 1 Septemba 2024

Fahima,

Naandika hii mara moja tu, na ukishaisoma uichome. Nakuomba kwa yote tuliyokuwa.

Wageni walikuwa waje Jumatatu. Jumatano mchana Mwalimu Venanti akaja anakimbia, kwamba wanakuja kesho yake. Wewe ulikuwa unafunga kamba za nanga. Mimi nilikuwa nimekaza vifuniko arobaini na viwili, vidole vinatoka damu, na mpira uliobaki haukutosha hata kumi. Nikafikiri, mama yangu amefunga kwa jani miaka yote tangu turudi kutoka Tanzania na hajamwaga hata tone. Nikafikiri litakaa wiki mbili, na wiki ijayo nitabadilisha moja moja bila mtu kujua. Ile kazi ya beseni niliiona kama jambo la shule. Mawese hayamwagiki, Fahima! Kila siku malori yanakwenda Bujumbura na hayamwagiki!

Kisha wakanichagua. Jumapili nikaondoka.

Umeuliza kama nilijua. Uliponiandikia kwamba daraja limezama nilijua kabla sijamaliza mstari. Nilikuwa nimesimama dukani na nilijua. Na nilipofika kwenye jina la Tahira niliikunja barua, siku nzima sikuifungua.

Shefu alikuwa ameandika chuoni kuuliza. Waliniita, wakaniwekea karatasi mbele. Ningefanya nini? Wewe ukisema umekosea hesabu, hakuna kinachobadilika. Uko nyumbani, hukuwa unakwenda popote, huna cha kupoteza. Mimi nikisema, wananirudisha kesho, na mama aliuza kitanda chake nije huku. Nilipima. Wewe mwenyewe ungepima ungepata jibu lile lile.

Nakupenda, na hilo si uongo. Nilipokuwa nakuambia ukubali yaishe, nilikuwa nataka yaishe kwako pia.

Ichome. Usimwambie mama. Mtu yeyote ajue ila si yeye.

Eliana


Rumonge, 10 Septemba 2024

Eliana,

Sikuichoma.

Nilikaa nayo siku tatu. Nilitaka kumwambia shefu tu kwamba vifuniko vilikuwa vya jani, nisitaje mtu. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia. Akasema, "Wiki mbili zilizopita ulisimama ukasema ni hesabu. Leo ni majani. Nikuamini wewe yupi?" Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimekiri kosa ambalo si langu mbele ya watu wote, kwa sababu wewe uliniambia yatakwisha nikikubali. Baada ya hapo neno langu halikutosha tena. Lilihitajika lako.

Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Bibi Zuwena alimwendea shefu akamwomba aite watu mara nyingine, akamwambia asipowaita atakaa mlangoni kwake na beseni la chikichi mpaka awaite. Walikusanyika Jumamosi saa nne. Nikasimama, nikaisoma barua yako. Yote, tangu "naandika hii mara moja tu". Nilisoma hata pale unapoomba niichome. Nilidhani nitaruka mahali, lakini nilipoanza nikaona kwamba nikiruka mstari mmoja nitakuwa nafunga kifuniko kingine kwa jani.

Safari hii hakuna aliyesema hasikii.

Mama yako alikuwepo. Sikujua atakuwepo, na sitakuambia kwamba ningejua ningeacha. Alikuwa amekaa mstari wa pili, amekuja na bidoni yake kama wengine. Nilipofika mahali uliposema ulijua kabla hujamaliza mstari, aliinua mkono. Akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Akashusha mkono. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka pale unaposema mtu yeyote ajue ila si yeye.

Kusoma barua ya mtu aliyekuomba isisomwe ni jambo baya. Nililifanya nikijua. Siombi unisamehe na wala sikuandikii kukusamehe. Sijui kama kosa lako na langu ni mambo mawili au jambo moja tu. Ninachojua ni kwamba nilikuuliza mara mbili kwa maandishi, na kila mara ulikuwa na jibu mkononi ukaniandikia lingine. Nilikuwa nikipima mianzi iliyolowa, na wewe ulikuwa ukijua. Niliposimama mbele ya watu kukiri kosa lililokaribia kumuua mdogo wangu, ulikuwa umeshaandika barua yako kwa shefu. Uliandika kwamba sina cha kupoteza. Nilikuwa na rafiki mmoja.

Shefu ameruhusu tulijenge tena. Masharti ni kwamba kila kifuniko kifunguliwe mbele ya mlinzi kabla kipande hakijaingia majini. Watu wamerudisha bidoni, si zote, lakini za kutosha vipande kumi na kimoja, na kipande cha kumi na mbili tutajazia gogo. Mwalimu Venanti ameleta mpira kutoka Nyanza-Lac. Pontiani, ambaye hana cherehani, ndiye anayekata mpira, anasema mkono wake umekosa kazi.

Mama yako alikuja Jumapili baada ya kanisa, bado na nguo zake za kanisani. Aliketi chini, akachukua kisu. Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi kabla yangu. Anaweka mpira, anakaza, anajaza maji, anapindua, anasubiri, anaangalia kama kuna tone. Amemaliza sitini na vitatu. Jina lako hajalitaja na hakuna anayelitaja karibu naye.

Leo mchana tulikuwa wawili tu. Akaniuliza bila kuinua macho, "Yale majani, aliyapasha moto kwanza?"

Hukunifundisha wewe jambo hilo, nimejifunza kwake wiki hii. Jani bichi likikunjwa chini ya kifuniko linapasuka pembeni. Likipitishwa juu ya makaa linalainika na kushika. Mwenye haraka anaruka hapo.

Nilikuwa nimeviona vifuniko zaidi ya mia moja kwa macho yangu. Yale majani ambayo hayakuwa yameoza, yote yalikuwa yamepasuka pembeni.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Aliyapasha."

Akaitika kwa kichwa, akachukua kifuniko kingine.

Fahima